Nani Hubeba Gharama ya Matawi? Historia ya Usanidi wa Utumaji-Kundi katika Ruta za Intaneti, 1985–2020

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya utumaji-kundi katika Intaneti, yaani mbinu inayomwezesha mtumaji mmoja kutoa nakala moja tu ya ujumbe, kisha ruta za njiani zikainakili pale tu njia za wapokeaji zinapoachana. Tunafuatilia mbinu hiyo tangu pendekezo la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 1985 hadi mwaka 2020, wakati jumuiya ya wahandisi wa Intaneti iliposhauri rasmi kuachwa kwa umbo lake la awali baina ya mitandao. Hoja kuu ni kwamba utumaji-kundi haukukwama kwa udhaifu wa itifaki zake pekee. Ulikwama kwa sababu ulimtaka kila mwenye mtandao njiani abebe kazi na gharama bila kuainisha faida yake. Ulistawi pale tu ambapo njia nzima ilikuwa chini ya mamlaka moja, au ahadi yake ilipopunguzwa. Makala inahitimisha kwa kuonyesha maana ya historia hiyo kwa mitandao ya elimu na utafiti ya Afrika Mashariki na Kongo.

1.0 Utangulizi

Jamii zetu zinafahamu njia tatu za kufikisha habari kwa watu wengi. Njia ya kwanza ni mbiu ya mgambo, ambayo humfikia kila mtu, awe anahusika au hahusiki. Njia ya pili ni kumtumia kila mhusika barua yake. Njia ya tatu ni ile ya chama cha kuzikana: habari ya msiba hutolewa mara moja kwa mjumbe, naye huigawa katika kila njia panda kwa kuangalia ni upande upi wenye wanachama. Asiye mwanachama hasumbuliwi, na mfiwa halazimiki kuzunguka mji mzima.

Mitandao ya kompyuta nayo ina njia hizo tatu. Makala hii inahusu njia ya tatu, ambayo mafundi wa mitandao huiita multikasti na ambayo hapa tutaiita utumaji-kundi. Umuhimu wake unaonekana kwa hesabu nyepesi. Mhadhara wa video unaohitaji megabiti 2 kwa sekunde, ukitazamwa kwa wakati mmoja na wanafunzi 500 ambao kila mmoja anapokea nakala yake, huhitaji megabiti 1,000 kwa sekunde katika mlango wa chuo kinachoutoa. Kwa utumaji-kundi, mlango huohuo huhitaji megabiti 2 tu. Ikiwa akiba ni kubwa kiasi hicho, na ikiwa itifaki zake zimekuwapo tangu miaka ya 1980, kwa nini leo mihadhara mingi bado husafiri kwa nakala moja kwa kila mtazamaji?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Wanaoshauri serikali na vyuo kuhusu ujenzi wa mitandao hukabiliwa mara kwa mara na teknolojia zenye akiba kubwa kwenye karatasi. Historia ya utumaji-kundi ni kielelezo cha namna akiba hiyo inavyoweza kukosa mwenyewe.

2.0 Chimbuko: Kundi Lisilo na Mlango, 1985–1989

Wazo hili lilizaliwa katika mazingira madogo. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, David Cheriton na wanafunzi wake walikuwa wakiunda mfumo endeshi uliotawanywa katika kompyuta nyingi, ulioitwa V. Kompyuta hizo ziliunganishwa kwa mtandao wa Ethernet, ambao kwa maumbile yake huruhusu ujumbe mmoja kusikiwa na kompyuta kadhaa. Tatizo lilijitokeza kompyuta zilipotenganishwa na ruta, kwa kuwa ruta haikujua kupitisha ujumbe wa kundi kwenda upande wa pili. Stephen Deering, mwanafunzi wa uzamivu chini ya Cheriton, alilichukua tatizo hilo kuwa kazi yake.

Mwezi Desemba 1985 Deering na Cheriton walitoa hati ya RFC 966, iliyopendekeza makundi ya kompyuta katika itifaki ya Intaneti. Baada ya marekebisho kadhaa, pendekezo hilo lilipata umbo lake la kudumu katika RFC 1112 ya Agosti 1989. Anwani za kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, ambazo ni zaidi ya milioni 268, zilitengwa kwa ajili ya makundi. Kompyuta inayotaka kupokea ingeijulisha ruta iliyo jirani kupitia itifaki ya IGMP, na ruta ingebeba jukumu la kuuleta ujumbe.

Inafaa kuyatazama kwa makini masharti ya uanachama katika mfumo huo. Kompyuta yoyote iliweza kujiunga na kundi lolote wakati wowote. Mtumaji hakuhitaji kuwa mwanachama, wala hakuhitaji kujua nani anapokea. Hapakuwa na orodha, mlinzi, wala mhesabu. Ndani ya maabara ya chuo kimoja, ambako kila mtumiaji alifahamika, uwazi huo ulikuwa sifa njema. Hata hivyo, karibu kila mgogoro uliofuata ulitokana na uwazi huohuo ulipotolewa nje ya maabara.

Sehemu ya ruta katika mpango huu ilitegemea kanuni iliyochapishwa na Yogen Dalal na Robert Metcalfe mwaka 1978. Katika usafirishaji wa kawaida, ruta huuliza pakiti inakwenda wapi. Katika utumaji-kundi, ruta huuliza pia pakiti imetoka wapi. Pakiti ikiingia kupitia mlango ambao ruta yenyewe ingeutumia kumfikia mtumaji, hupokewa na kunakiliwa. Ikiingia kwa mlango mwingine, hutupwa, kwa kuwa huenda ni nakala inayozunguka. Kanuni hii ya kukagua njia ya kurudi ndiyo uti wa mgongo wa usanidi wote wa utumaji-kundi hadi leo. Ndiyo pia chanzo cha hitilafu nyingi zinazowasumbua wasimamizi: njia ya kwenda na njia ya kurudi zisipolingana, ruta hutupa pakiti ilhali kila kitu kinaonekana kuwa sawa.

3.0 MBone: Mtandao Juu ya Mtandao, 1992–1996

Itifaki ya kwanza ya kupanga njia za makundi, DVMRP, ilitolewa katika RFC 1075 ya Novemba 1988. Ruta za kibiashara za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kuitekeleza. Watafiti walitumia kompyuta za kawaida za kazi zenye programu iitwayo mrouted, na kuziunganisha kwa mahandaki: pakiti ya kundi iliwekwa ndani ya pakiti ya kawaida, ikapitishwa katika mtandao usiojua lolote kuhusu makundi, kisha ikafunguliwa upande wa pili. Mkusanyiko wa mahandaki hayo ndio ulioitwa MBone.

Mwezi Machi 1992, mkutano wa Kikosi Kazi cha Uhandisi wa Intaneti (IETF) uliofanyika San Diego ulirushwa kwa sauti hadi vituo 20 katika mabara matatu. Miaka miwili baadaye, Novemba 1994, sehemu ya onyesho la Rolling Stones lililofanyika Dallas ilirushwa kwa njia hiyohiyo. Kabla ya wanamuziki hao mashuhuri kuanza, bendi ya wahandisi iitwayo Severe Tire Damage ilijitokeza hewani bila kualikwa na kuwatangulia. Tukio hilo lilipokewa kama mzaha, lakini lilidhihirisha jambo zito: katika mfumo wa kundi lisilo na mlango, hakuna njia ya kumzuia anayetaka kusema.

Usanidi wa MBone ulikuwa kazi ya mikono na ya kuaminiana. Kila handaki lilihitaji wasimamizi wawili waliokubaliana, mmoja kila upande. Itifaki yenyewe ilitawanya kwanza na kuuliza baadaye: pakiti zilisambazwa kote, na katika matoleo yaliyofuata ruta zisizo na wasikilizaji ziliomba tawi lao lipogolewe. Ili kuzuia mafuriko, wasimamizi waliweka vizingiti vya umri wa pakiti kwenye mahandaki, nao watumiaji waliombwa jumla ya matangazo yao isizidi kilobiti 500 hivi kwa sekunde. Aidha, DVMRP ilihesabu umbali kwa kikomo cha 32, na chochote kilichozidi hapo kilichukuliwa kuwa hakifikiki. Mfumo uliojengwa kwa kutawanya na kupogoa ulifaa pale wasikilizaji walipokuwa wengi na karibu. Wasikilizaji wachache waliotawanyika duniani waliugharimu mtandao mzima.

4.0 Kituo cha Makutano: PIM na Lugha ya Ruta, 1994–2003

Jibu la tatizo hilo lilikuwa kuugeuza utaratibu: tawi lisioteshwe mpaka liombwe. Mwaka 1993 Tony Ballardie, Paul Francis na Jon Crowcroft walipendekeza mti mmoja wa pamoja wenye kiini kinachojulikana. Mwaka 1994 Deering, Deborah Estrin, Dino Farinacci, Van Jacobson na wenzao waliwasilisha usanifu wa PIM, ambao uliunganisha mti wa pamoja na mti wa kila mtumaji. Hali yake ya wapokeaji wachache ilisanifiwa kwa majaribio katika RFC 2117 ya mwaka 1997, ikafuatiwa na RFC 2362 ya 1998, RFC 4601 ya 2006, na hatimaye RFC 7761 ya 2016.

Kiini cha PIM ni kituo cha makutano. Mpokeaji hamjui mtumaji, na mtumaji hamjui mpokeaji, hivyo ruta moja huteuliwa iwe mahali pa kukutania. Ruta ya upande wa mpokeaji hutuma ombi la kujiunga kuelekea kituoni. Ruta ya upande wa mtumaji husajili chanzo kwenye kituo hichohicho. Wakishakutana, ruta ya mpokeaji inaweza kukiacha kituo na kuotesha tawi linalokwenda moja kwa moja kwa mtumaji.

Katika ruta za Cisco, ambazo zilienea sana katika kipindi hiki, utaratibu huu wote ulionekana kuwa mistari michache. Mstari wa «ip multicast-routing» uliwasha huduma katika ruta nzima. Mstari wa «ip pim sparse-mode» uliwekwa katika kila mlango uliohusika. Mstari wa tatu ulitaja anwani ya kituo cha makutano. Wepesi huo ulificha mambo mawili. Kwanza, mlango mmoja ukisahauliwa njiani, mti hukatika, kwa kuwa kanuni ya njia ya kurudi haina huruma. Pili, ruta ililazimika kutunza kumbukumbu ya kila kundi na kila mtumaji anayepita. Katika usafirishaji wa kawaida, ruta ya katikati ya mtandao hujua njia za kufikia mitandao tu na haijishughulishi na mazungumzo ya watu. Utumaji-kundi uliifanya ruta hiyo ikumbuke mazungumzo yenyewe.

Mstari wa tatu ndio uliokuwa na siasa ndani yake. Ndani ya chuo au kampuni moja, kumteua mwenye kituo ni uamuzi wa ofisi. Baina ya kampuni mbili zinazoshindana, ni nani atakubali matangazo ya wateja wake yategemee ruta iliyo katika jengo la mshindani? Wahandisi walilijibu swali hili kwa itifaki nyingine, MSDP, iliyoviruhusu vituo vya mitandao mbalimbali kuarifiana watumaji walio hai. Ilitumika kwa miaka kadhaa kabla ya kuandikwa katika RFC 3618 ya mwaka 2003, na hata hapo ilipewa hadhi ya majaribio tu. Udhaifu wake ulikuwa umekwisha kuonekana Januari 2001, wakati kirusi cha kompyuta kilichojulikana kama Ramen kilipopekua anwani kwa kubahatisha, zikiwamo za makundi. Kila jaribio lilihesabiwa kuwa mtumaji mpya, na vituo vya makutano vikafurikwa na taarifa za watumaji wasiokuwapo. Kompyuta zilizoambukizwa katika mtandao mmoja ziliweza kuzilemea ruta za mitandao ambayo haikuwa na uhusiano wowote nazo.

5.0 Kukwama Baina ya Mitandao

Mwaka 2000 Christophe Diot na wenzake walichapisha uchambuzi wa sababu za kusuasua kwa utumaji-kundi miongoni mwa watoa huduma. Walitaja ukosefu wa udhibiti wa makundi, ugawaji wa anwani, usalama na ugumu wa usimamizi. Sababu hizo zote ni za kweli. Hata hivyo, kwa mtazamo wa kihistoria, tunaona kwamba zinakutana katika swali moja la gharama.

Mikataba ya Intaneti ilijengwa juu ya dhana kwamba kiasi kinachoingia mtandaoni hukadiria kazi itakayofanywa. Mteja anayetuma megabiti 2 hulipia megabiti 2. Utumaji-kundi uliivunja dhana hiyo: megabiti 2 zilizoingia zinaweza kutoka katika milango 3 au 3,000, na mwenye mtandao ndiye anayebeba unakili huo. Hakuwa na namna ya kujua wapokeaji ni wangapi, kwa kuwa uanachama haukuandikwa popote, wala ya kumtoza mtumaji. Kwa upande mwingine, aliyekuwa na hamu ya kuwafikia wengi kwa gharama ndogo, yaani mtoaji wa maudhui, hakuwa na mamlaka juu ya ruta hata moja kati ya zile zilizotakiwa kusanidiwa.

Hivyo basi, faida ilikuwa kwa mtumaji na kazi ilikuwa kwa wote waliokuwa njiani. Aliyetangulia kusanidi hakupata chochote mpaka majirani zake nao wasanidi. Pengo hilo lilijazwa na kampuni kama Akamai, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambazo ziliweka seva zenye nakala karibu na watazamaji. Kiuhandisi njia hiyo hutumia nakala nyingi zaidi. Kibiashara ilijibu yale ambayo utumaji-kundi uliyaacha wazi: mlipaji alijulikana, watazamaji walihesabika, na hapakuhitajika idhini ya kila mtandao njiani. Tena ilimruhusu mtazamaji kuanza kutazama muda anaotaka, jambo ambalo mti wa kundi hauwezi kulitoa.

Pale ambapo njia nzima ilikuwa ya mamlaka moja, hali ilikuwa tofauti kabisa. Masoko ya hisa husambaza bei kwa wanunuzi kwa utumaji-kundi, ili wote wapate habari ileile kwa wakati uleule. Kampuni za simu zinazotoa televisheni kupitia nyaya zao hupeleka chaneli za moja kwa moja kwa mbinu hiyohiyo: mteja anapobadili chaneli, kisanduku chake hujiondoa katika kundi moja na kujiunga na jingine. Itifaki ni zilezile zilizokwama nje. Kilichobadilika ni kwamba anayesanidi ruta ndiye anayepata akiba.

6.0 Ahadi Iliyopunguzwa, 1999–2020

Mageuzi muhimu ya mwisho yalitokana na kukubali kuahidi kidogo. Mwaka 1999 Hugh Holbrook na Cheriton, yuleyule wa mwaka 1985, walipendekeza kwamba kundi liwe na mtumaji mmoja anayetajwa. Mpokeaji haombi tena kusikia kundi fulani kutoka kwa yeyote yule. Huomba kusikia chaneli ya mtumaji fulani. Wazo hilo lilisanifiwa katika RFC 4607 ya mwaka 2006 na kupewa anwani zinazoanza na 232. IGMP nayo ilikwisha kuongezewa uwezo wa kumtaja mtumaji katika toleo lake la tatu, RFC 3376 ya mwaka 2002.

Matokeo yake katika usanidi ni makubwa. Kituo cha makutano hakihitajiki, kwa kuwa mtumaji anajulikana tangu mwanzo. MSDP haihitajiki. Mgogoro wa anwani unakwisha, maana watumaji wawili wanaweza kutumia anwani ileile ya kundi bila kuchanganyika. Mdandiaji hana nafasi, kwa kuwa hakuna tawi linaloota kuelekea kwake. Kilichopotea ni ndoto ya mkutano ambamo yeyote anaweza kusema na wote wakamsikia bila kujuana kabla.

Mwezi Agosti 2020, RFC 8815 ilipendekeza rasmi kwamba mfumo wa awali, wa mtumaji yeyote, uachwe katika matumizi baina ya mitandao, na ule wa mtumaji anayetajwa ndio utumike. Miaka 35 baada ya pendekezo la kwanza, kundi lisilo na mlango lilirudishwa ndani ya kuta za taasisi mojamoja, mahali lilipozaliwa.

7.0 Maana Yake kwa Mitandao ya Elimu ya Kanda

Afrika Mashariki ilishuhudia ufundishaji wa mmoja kwa wengi kabla ya kupata nyaya za baharini. Chuo Kikuu cha Afrika kwa Njia ya Mtandao (AVU), kilichoanzishwa mwaka 1997 kwa msaada wa Benki ya Dunia, kilirusha mihadhara kwa setilaiti hadi vyuo vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Setilaiti hunakili kwa maumbile yake, kwa kuwa mwali mmoja huwafikia wote walio chini yake. Gharama ilikuwa kubwa, lakini mbebaji wake alijulikana.

Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, uwezo uliongezeka kwa namna isiyo na kifani. Lakini tabia ile ya mwali mmoja kuwafikia wote ilitoweka. Katika waya, mhadhara mmoja unaotazamwa katika vyuo kumi husafiri mara nyingi kadiri ya watazamaji, isipokuwa mtu awe ameamua vingine na kusanidi ruta kwa uamuzi huo.

Kanda ina taasisi ambazo zingeweza kuamua: KENET nchini Kenya, RENU nchini Uganda, TERNET nchini Tanzania, RwEdNet nchini Rwanda, BERNET nchini Burundi na Eb@le katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Muungano wa UbuntuNet unaoziunganisha. Historia tuliyoieleza inatoa mambo matatu ya kuzingatiwa na washauri wa sera.

Kwanza, mahali pa kuanzia ni ndani ya mtandao wa taifa mmoja, ambako anayesanidi na anayenufaika wako chini ya bodi moja. Kuanza na mradi wa kuvuka mipaka ni kurudia mahali MBone ilipokwama. Pili, zabuni za ruta na huduma zitaje waziwazi mfumo wa mtumaji anayetajwa na IGMP ya toleo la tatu. Neno la jumla kwamba kifaa «kinakubali utumaji-kundi» halitoshi, kwa kuwa mfumo wa zamani na mpya vyote hubeba jina hilo. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, makubaliano baina ya mitandao ya nchi mbili yaeleze nani anahesabu wapokeaji na nani anabeba gharama ya matawi, kabla mstari wa kwanza wa usanidi haujaandikwa. Pale makubaliano hayo yasipopatikana, seva yenye nakala iliyowekwa katika kila nchi ni suluhisho halali, na haipaswi kuonekana kuwa ni kushindwa.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba utumaji-kundi ulipitia hatua tatu: kutawanya na kupogoa, kukutana kituoni, na kumtaja mtumaji. Kila hatua iliondoa sehemu ya uwazi wa awali ili kupata kitu ambacho wenye mitandao waliweza kukisimamia. Swali la kiufundi, yaani nakala itengenezwe wapi, lilikuwa limepata jibu zuri kufikia mwaka 1989. Swali la kijamii, yaani nani akubali kuitengeneza kwa ajili ya nani, halikuwahi kuandikiwa hati ya RFC, nalo ndilo lililoamua hatima ya teknolojia hii. Wajumbe wa chama cha kuzikana huigawa habari njiani kwa sababu kila mmoja anajua kwamba siku yake nayo itafika. Ruta za kampuni zinazoshindana hazikuwa na mkataba wa namna hiyo. Mitandao ya elimu ya kanda yetu, ambayo wamiliki wake ni vyuo vyenyewe, ina nafasi ya kuuandika.